Prius ya mseto iliyotumika kama gari pekee la nyumbani: je, cha kuogopa ni betri tu?

Mwendo_Pole aliuliza:

Wadau, habari za leo. Nimeamua kuliuza gari langu la petroli la kawaida na kununua gari la mseto (haibridi, lenye injini ya petroli na mota za umeme) lililokwisha kutumika, lakini kabla sijapeana mkono na muuzaji ningependa kuwasikia wanaoyaendesha magari haya kila siku au wanaoyatengeneza, kwa sababu walionishauri hadi sasa wengi wao hawajawahi hata kulikalia.

Gari ninaloliangalia ni Toyota Prius ya kizazi cha tatu, kile kilichoanza kuuzwa mwaka 2009 kikiwa na injini ya lita 1.8. Limekwisha kukaa barabarani zaidi ya miaka 10, bodi yake ni safi, na kilomita zake si nyingi kwa umri huo. Litakuwa gari pekee nyumbani, kwa hiyo haliwezi kuwa gari la kulala gereji wiki mbili kila likikohoa. Kazi yake itakuwa kunipeleka kazini asubuhi kupitia foleni nzito, kuwashusha watoto shuleni njiani, kunirudisha jioni kupitia foleni ileile, na mara mojamoja kusafiri mbali kwenye barabara kuu.

Fundi wangu wa siku zote aliniambia kwa mzaha, ingawa nadhani alimaanisha: "Ukinunua mseto umenunua betri, gari lenyewe umepewa bure." Wakati huohuo naona madereva wa teksi katika miji mingi duniani wameyakumbatia magari hayahaya, na dereva wa teksi si mtu wa kuweka fedha yake mahali pa hasara. Naomba basi mnieleze: betri hiyo huzeeka kwa kilomita au kwa miaka? Ni kipi kingine cha kukagua mbali na betri? Na je, kwa safari kama zangu, nafuu ya mafuta ni ya kweli au ni maneno ya wauzaji?

Bi_Usukani alijibu:

Ndugu Mwendo_Pole, fundi wako hajakudanganya, ila amekupa nusu ya habari. Mimi naendesha gari la aina hiyo kwa matumizi yanayofanana sana na yako, na nitajibu zaidi swali la betri kwa kuwa ndilo linalowanyima watu usingizi.

Betri kubwa ya kizazi hicho ni ya nikeli na haidridi ya metali, na imeundwa kwa moduli 28, yaani vijibetri vidogo, zilizounganishwa mfululizo, kila moja ikiwa na volti 7.2, hivyo zote kwa pamoja zinatoa volti 201.6. Watu huilinganisha na betri ya simu, kwamba ukiichaji na kuimaliza kila siku baada ya miaka michache inakufa, lakini kompyuta ya gari hairuhusu kamwe ijae kabisa wala iishe kabisa. Huiweka takriban kati ya asilimia 40 na 80 ya uwezo wake, na hiyo ndiyo sababu kubwa inayoifanya idumu. Kwa hiyo usishtuke ukiona vijiti vya betri kwenye dashibodi havijai hata baada ya safari ndefu. Vijiti hivyo ni vinane, na gari lenye afya hukaa sana kwenye vitano au sita. Cha kukushtua ni vijiti vinavyopanda haraka hadi juu kabisa na kushuka haraka hadi viwili ndani ya dakika chache za kuendesha, kwa sababu hapo uwezo wa kuhifadhi umeme umekwisha kupungua, na kinachobaki hujaa upesi na kuisha upesi.

Sasa kuhusu kilomita na miaka. Kwa maoni yangu watu hutazama sana odometa na kusahau kalenda. Betri ya aina hii hupoteza umeme wenyewe kidogo kidogo gari likiwa limesimama, tena moduli hazipotezi kwa kiwango kimoja, kwa hiyo gari lililoegeshwa miezi mingi huamka likiwa na moduli zilizopishana viwango. Na kwa kuwa zimeungana mfululizo, moduli moja dhaifu huwavuta wenzake wote chini. Ndiyo maana mimi ningeliogopa zaidi gari la miaka mingi lenye kilomita chache kupita kiasi kuliko lile lililozunguka kila siku. Hizo kilomita "si nyingi kwa umri" unazozisifia, mwulize muuzaji zilipatikanaje: ni kwa mtu aliyeendesha kidogo kila siku, au gari lilisimama uani mwaka mzima kwa sababu ya kesi ya mirathi?

Adui mwingine ni joto. Betri iko nyuma, na hupozwa kwa hewa ya ndani ya gari, ambayo feni huivuta kupitia tundu lenye wavu lililo pembeni mwa kiti cha nyuma. Wengi hawajui hata kama tundu hilo lipo. Mtoto huegemeza begi hapo, au koti hutupwa juu yake, au mwenye gari husafiri na mbwa na manyoya yote huishia kwenye feni. Feni ikiziba, betri hupika kimyakimya, na dalili ya kwanza unayoisikia ni mvumo nyuma ya kiti siku za jua kali. Ukienda kulitazama gari, piga magoti ukamulike tundu hilo kwa tochi ya simu kabla hujafungua hata boneti. Ukikuta vumbi limeganda kama blanketi, basi umeshajua namna mwenye gari alivyolitunza. Na ukishalinunua, usilifunge vioo na kulizimia kiyoyozi juani ukidhani unaokoa mafuta. Hewa inayokupoza wewe ndiyo inayoipoza betri.

Jambo la mwisho upande wangu, na hili linakuhusu sana wewe wa foleni: usiweke gia kwenye N unaposubiri. Katika N mfumo hauwezi kuichaji betri, huku kiyoyozi na taa vikiendelea kuinyonya. Acha kwenye D ukiwa umekanyaga breki, au weka P kama msafara umesimama kabisa.

Gari hili pia halina stata ya kawaida. Betri kubwa ndiyo inayoizungusha injini ili iwake. Ikifa kabisa, hata uwe na tangi lililojaa petroli, hutaondoka hapo ulipo. Kwa mtu mwenye gari moja tu hilo ni la kuzingatia, ingawa kwa kawaida haifi ghafla. Hutanguliza taa za onyo na gari kupoteza nguvu, na anayezitii taa hizo hupata muda wa kujipanga.

Fundi_Mota alijibu:

Namuunga mkono Bi Usukani kwa yote aliyoyasema kuhusu betri, lakini katika kizazi cha tatu mimi ningeanza na injini. Ningeruhusiwa kukagua kitu kimoja tu, betri ningeiacha.

Injini hiyo ya lita 1.8 ina mfumo wa EGR, yaani ule unaorudisha sehemu ya moshi wa eksozi ndani ya injini baada ya kuupitisha kwenye kipoza chenye vinjia vyembamba. Masizi hujikusanya humo mwaka baada ya mwaka, pamoja na kwenye vijitundu vya manifodi ya kuingizia hewa, hadi vingine vinaziba kabisa. Maelezo ambayo mafundi wengi wa magari haya wanakubaliana nayo ni kwamba mgawanyo wa moshi huo ukishavurugika, silinda hazifanyi kazi katika joto linalolingana, na baada ya muda gasketi ya silinda hedi hushindwa. Wenye magari huja wakilalamika kwamba betri imekufa kwa sababu gari linatetemeka na taa zimewaka dashibodi nzima, kumbe gasketi imeungua na maji yanapenya ndani ya silinda usiku kucha.

Dalili yake ya mwanzo ni moja na haifichiki, mradi injini iwe baridi. Gari likilala usiku, asubuhi injini inapowaka kwa mara ya kwanza hutetemeka na kugonga kwa sekunde chache kama inayotaka kung'oka, kisha hutulia na kuwa nzuri siku nzima. Ndiyo sababu muuzaji mjanja huliwasha gari kabla hujafika. Ukifika ukakuta boneti ina joto, mwambie kwa heshima kwamba utarudi kesho asubuhi na kwamba asiliguse. Halafu tazama tangi dogo la maji ya injini: kama maji yanapungua na hakuna mahali yanapovuja nje, yanakwenda ndani. Usilichanganye na lile lingine la inveta, yaani kifaa kinachogeuza umeme wa betri kubwa uweze kuendesha mota, kwa sababu inveta ina mzunguko wake wa maji na pampu yake ya umeme, na pampu hiyo ikisimama gari hujilinda kwa kupunguza nguvu au kuzima mfumo.

Ukinunua gari lenye injini nzima, kazi ya kwanza iwe kumwambia fundi afungue kipoza cha EGR, vali yake na manifodi, asafishe masizi yote, na abadilishe oili kwa wakati ukitumia 0W-20 iliyoainishwa na kiwanda. Gharama ya usafi huo hailingani hata kidogo na gharama ya kufungua silinda hedi.

Nitaje pia mawili ambayo mafundi wa kawaida huyaharibu kwa nia njema. Kompresa ya kiyoyozi huzungushwa kwa umeme wa betri kubwa, na oili yake ni ya aina maalumu isiyopitisha umeme; fundi akijaza gesi na kuongeza oili ya kompresa za kawaida, anaharibu uzuiaji wa umeme na kuvuta hitilafu ambayo skana itaieleza kama umeme wa juu kuvuja kwenye bodi. La pili ni breki. Kwa kuwa mota ndizo zinazopunguza mwendo kwa sehemu kubwa na kurudisha umeme kwenye betri, pedi hudumu muda mrefu sana, na kwa sababu hiyo hakuna anayezifungua. Pini za kaliper hukauka na kukwama, kisha pedi ya upande mmoja huisha huku mwenzake akiwa mpya. Zifunguliwe, zisafishwe na zipakwe grisi yake kila sevisi kubwa hata kama pedi ni nene.

Baada ya vitisho hivyo vyote niseme na upande wa pili, maana nisingependa nionekane naliponda gari ninalolipenda. Halina stata, halina alteneta, halina klachi, na kizazi hiki hakina hata mkanda mmoja mbele ya injini. Giaboksi yake ni seti ya gia za sayari zinazounganisha injini na mota-jenereta mbili, hakuna gia zinazobadilishwa wala bendi za kuchakaa. Ni nadra kuletewa giaboksi ya aina hii ikiwa imekufa yenyewe.

Hesabu_Kwanza alijibu:

Wakuu hapo juu wamemaliza ya gereji. Mimi nijibu lile swali la mafuta, kwa sababu naona watu wanakimbilia mseto bila kuuliza linaokoa mafuta lini na wapi.

Wakala wa mazingira wa Marekani, EPA, ulipolipima gari hilo lilipotoka ulipata maili 51 kwa galoni mjini na 48 kwenye barabara kuu, ambazo ni kama lita 4.6 na lita 4.9 kwa kilomita 100. Tazama mpangilio huo: mjini linakula kidogo kuliko safarini, kinyume cha magari karibu yote uliyowahi kuyaendesha. Chanzo chake ni kwamba mjini gari la kawaida huchoma petroli likiwa limesimama na hutupa mwendo wake wote kama joto la breki, wakati mseto huzima injini kwenye foleni na kuurudisha mwendo huo katika betri. Barabara kuu hakuna cha kurudisha, kwa hiyo linabaki kuwa gari dogo lenye injini inayobana mafuta na umbo linalopasua hewa vizuri. Kwa hiyo foleni zako ndizo mahali pake.

Lakini usitarajie takwimu hizo kila siku. Injini ikiwa baridi huwaka na kuendelea kuunguruma hata ukiwa umesimama, ili ipate joto na katalisti, yaani kisafishio cha moshi wa eksozi, ifanye kazi. Mtu ambaye safari yake yote ni kilomita mbili hadi sokoni na kurudi huwa anaishi ndani ya hatua hiyo, na nafuu yake ni ndogo sana. Kama kazini kwako ni mbali vya kutosha injini ikapata joto na kuanza kujizima, utaiona tofauti. Kama si mbali, kaa na gari lako la sasa na fedha uliyokusudia kuongeza iweke akiba. Na kwa vyovyote vile, sehemu ya unachookoa kwenye mafuta ihesabu kuwa si yako, ni ya betri ya baadaye. Asiyefanya hivyo ndiye anayepiga kelele siku taa inapowaka.

Angalizo dogo: yanayosemwa hapa ni ya mfumo wa Toyota. Nissan Note e-Power, iliyotoka mwaka 2016, injini yake haisukumi magurudumu kabisa, inazalisha umeme tu. Honda Fit ya mseto ya mwaka 2013 ilitumia giaboksi ya klachi mbili, na miezi yake ya kwanza sokoni iliitwa mara kadhaa kwa marekebisho. Usichukue ushauri wa gari moja ukaupeleka kwa jingine kwa sababu tu nyuma pameandikwa neno lilelile.

Kijana_wa_Spea alijibu:

Naongeza moja tu lililosahaulika: betri ndogo ya volti 12. Katika Prius hiyo iko nyuma kwenye buti, na kazi yake ni kuamsha kompyuta na swichi za betri kubwa. Ikidhoofika, gari hukataa kuingia kwenye READY, yaani hali ya kuwa tayari kuondoka, taa huwaka ovyo, na mwenye gari huambiwa betri kubwa imekufa. Watu wameuziwa betri kubwa kwa kosa la betri ndogo. Pima hiyo kwanza, na ukibadilisha, nunua ile ya aina ya AGM, ambayo asidi yake imenyonywa ndani ya mikeka ya nyuzi za kioo, yenye bomba la kutolea hewa nje, kwa kuwa inakaa ndani ya gari pamoja nanyi. Ukilazimika kuliamsha kwa waya kutoka gari jingine, hakikisha chanya iko kwa chanya mara mbili kabla ya kugusa, kwa sababu ukigeuza unaweza kuunguza sehemu za umeme ambazo bei yake ni ya kulia.

Mwendo_Pole aliandika:

Nawashukuru nyote, mmenifungua macho. Nilirudi kwa muuzaji nikiwa na rafiki mwenye skana inayosoma mfumo wa mseto, na haya ndiyo tuliyoyakuta.

Tundu la hewa lilikuwa na vumbi kiasi, si blanketi. Hakuna msimbo wa hitilafu hata mmoja uliohifadhiwa, jambo lililonifurahisha, ila rafiki yangu hakufurahi, kwa sababu skana ilionyesha kwamba vipimo vingi vya kujikagua vya injini bado havijakamilika. Tulipoendesha, jozi za moduli zote zilikuwa zinakaribiana tukiwa tumesimama, lakini tulipokanyaga mafuta kupanda mlima jozi moja ilishuka chini ya wenzake kwa karibu volti moja, na tulipoachia ikarudi mstarini. Muuzaji alipobanwa alisema betri "ilifanyiwa ukarabati" mwaka jana na kwamba ni kama mpya. Injini ilikuwa ya moto tulipofika, hivyo kuhusu gasketi sijui lolote.

Je, niachane nalo, au bado kuna njia ya kulinunua kwa akili?

Fundi_Mota alijibu:

Ndugu, rafiki yako anaijua kazi, mnunulie soda.

Vipimo vya kujikagua visivyokamilika maana yake ni kwamba kumbukumbu ya kompyuta imefutwa hivi karibuni, ama kwa skana ama kwa kuchomoa betri ndogo. Inawezekana kabisa walibadilisha betri ndogo kwa nia safi, kwa hiyo sisemi muuzaji ni mwongo. Ninachosema ni kwamba ukurasa mweupe wa misimbo hauthibitishi chochote. Ukiendesha siku kadhaa katika hali mbalimbali ndipo vipimo hukamilika na msimbo unaostahili kurudi hurudi, na kwa betri ya gari hili unaotafutwa sana ni P0A80, ule unaosema betri kubwa imechoka na inafaa kubadilishwa.

Ile jozi moja ndiyo habari yenyewe. Betri ya gari lako husomwa na kompyuta kwa jozi 14, kila jozi ikiwa na moduli mbili, na katika betri nzuri jozi zote huteremka na kupanda pamoja kama wacheza gwaride, zikipishana kwa sehemu ndogo za kumi za volti. Kipimo cha gari likiwa limesimama hakina maana kubwa kwa sababu moduli dhaifu huweza kuonyesha volti nzuri ikiwa haijabebeshwa mzigo. Pengo la karibu volti moja chini ya mzigo ni moduli inayoaga, hata kama taa haijawaka. Mkienda tena, mfanye kinyume chake pia: mteremke mlima mkiachia breki za mota zichaji, na mtazame kama jozi hiyohiyo inaruka juu kuliko wenzake. Ikishuka mno wakati wa kutoa na kupanda mno wakati wa kupokea, hakuna cha kubishana.

Neno "ukarabati" hapa mara nyingi lina maana ya kuchomoa moduli mbovu na kuingiza iliyotolewa kwenye betri nyingine iliyokufa. Iliyoingizwa haina umri wala uwezo sawa na wenzake, na wale 27 waliobaki ni wazee kama aliyetolewa, kwa hiyo baada ya miezi kadhaa anaanguka mwingine, unalipa tena kufungua, na mchezo unaendelea. Kuna wanaoifanya kazi hiyo kwa umakini, wanazipima moduli zote kwa kuzichaji na kuzimaliza mara kadhaa, wanazipanga zinazolingana na kusafisha vipande vya shaba vinavyoziunganisha, kwa sababu kutu ya kijani kwenye vipande hivyo peke yake inaweza kuleta usomaji wa uongo. Mwombe muuzaji karatasi ya kazi hiyo. Kama hana, hesabu kwamba hukuonyeshwa betri yoyote.

Kwa hiyo ushauri wangu ni kwamba betri isikufukuze, bei ndiyo ikufukuze. Ulizia gharama ya betri mpya kabisa pamoja na kuifunga, itoe yote kwenye bei anayotaka, kisha mwambie hiyo ndiyo ofa yako. Akikubali, funga mpya mapema na usingoje taa, na hapo utakuwa na gari la kila siku ambalo sehemu yake ya kutisha ina umri wa siku moja. Akikataa, magari ya aina hiyo ni mengi. Ila mazungumzo hayo yote yasianze kabla hujalisikia likiwaka asubuhi likiwa baridi. Betri inabadilishwa kwa nusu siku na gari linatoka. Injini iliyokwisha kunywa maji huwa inaanza na gasketi na kuishia kwenye kutafuta injini nyingine, na hilo sitakushauri ulinunue hata kwa punguzo.

Bi_Usukani alijibu:

Naafiki, na nina nyongeza ya siku ya kwenda. Nenda alfajiri bila kumpa muuzaji saa kamili, weka kiganja kwenye boneti, kisha simama nje upande wa injini na umwachie rafiki yako abonyeze kitufe cha kuwasha. Injini huenda isiwake mara moja kwa kuwa gari linaweza kuingia READY kimya. Mwambie awashe kiyoyozi au akanyage mafuta kidogo mpaka iwake, halafu sikiliza sekunde zile za kwanza.

Na ukilinunua, mtafute mapema mtu wa kulivuta anayejua kwamba gari hili hubebwa magurudumu ya mbele yakiwa juu ya ardhi au lote likiwa juu ya gari la kubebea, kwa sababu magurudumu hayo yakizunguka mota nazo huzunguka na kuzalisha umeme. Vilevile nyaya nene za rangi ya chungwa mtu yeyote asiziguse kabla hajachomoa plagi ya usalama ya betri na kusubiri angalau dakika 10 ili umeme uliobaki ndani ya inveta uishe, hata kama ni fundi aliyeanza kazi kabla hatujazaliwa.

Mwendo_Pole aliandika:

Nimewaelewa. Bei ya betri mpya nimekwisha kuiuliza, na muuzaji bado hajui kwamba naijua. Jumamosi alfajiri niko kwake, na skana inakuja nami.